Barua ya wazi kwa Loris-Melikov: kwa nini ile karatasi mliificha?

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Urusi, Mikhail Loris-Melikov,

Shikamoo mzee. Najua ulishafariki Nice mwaka 1888, ila kila nikisoma habari za Tsar (mfalme) Alexander wa Pili naishia kukuwaza wewe kuliko yeye, na hili jambo la ripoti yako ya 1881 mliyoificha linaniuma kweli.

Bosi wako alikuwa anauma na kupuliza. 1861 kawaachia huru wakulima zaidi ya milioni 20 waliokuwa mali ya mabwana, alafu hapohapo kawabebesha deni la ardhi la miaka 49. 1864 kaleta mahakama za wazi na mabaraza ya zemstvo (mabaraza ya kuchaguliwa ya wilaya na mikoa), 1866 kijana mmoja, Karakozov, kamfyatulia risasi ikamkosa, basi kila kitu kikabanwa tena, vijana wakaenda vijijini kuongea na wakulima wakakamatwa kwa mamia, na hao kina Perovskaya na Zhelyabov waliokuja kupanga kumuua si ndo walewale waliopitishwa kwenye kesi ya watu 193, kesi ya vijana hao? Waliachiwa, ila walishaona kuongea hakusaidii.

Februari 1880 bomu likalipuka mpaka ndani ya ikulu, ndo ukaitwa wewe. Na haki yako nakupa: ulivunja ile Idara ya Tatu ya polisi wa siri, ukamtoa Dmitry Tolstoy (si yule mwandishi) wizara ya elimu, kodi ya chumvi ikafutwa, magazeti yakapumua kidogo. Ila kijana Mlodetsky alipokufyatulia risasi akakukosa, siku mbili tu kashanyongwa hadharani. Na wewe ulikuwa unauma na kupuliza mzee wangu.

Sasa tuje kwenye ile ripoti yako ya tarehe 28 Januari 1881 (kwa kalenda yenu ya zamani ya Urusi). Wala haikuwa bunge, ni wajumbe wa kuchaguliwa kutoka zemstvo na miji waitwe wasikilizwe kabla sheria haijapita, basi. Kitu kidogo hivyo mkakijadili mwezi mzima milango imefungwa! Asubuhi ya tarehe 1 Machi Tsar akakubali, kikao cha mawaziri kikapangwa tarehe 4, na mchana uleule Rysakov wa kundi la Perovskaya akarusha bomu la kwanza, Tsar akashuka kwenye gari kuwaangalia majeruhi, mwenzake Hryniewiecki akarusha la pili, likamuua.

Mi sisemi Perovskaya angeahirisha, sidhani. Ninachosema ni hiki, ungeitangaza magazetini hata Februari, mwalimu wa kijijini angeisoma, mjumbe wa zemstvo angeisoma, wangekuwa na kitu cha kushika mkononi na kudai. Badala yake tarehe 8 Machi Pobedonostsev, mwalimu wa zamani wa Tsar mpya, kasimama mbele yake kaiponda, tarehe 29 Aprili likatoka tangazo la Tsar la kushikilia utawala wa mtu mmoja, wewe ukajiuzulu, na nje hakuna aliyepiga kelele kuitetea, maana hata hawakujua kilichoandikwa humo. Ungewaonyesha, mzee. Ungewaonyesha mapema.