YAH: Malalamiko kuhusu kufutwa kwa Maskati na Khasab katika safari ya usiku 7 kutoka Dubai, na hali ya kabini za sitaha ya 4

Ofisi ya Mauzo ya Tiketi za Meli
Zanzibar
14 Aprili

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Baada ya salamu. Tunaandika kwa niaba ya abiria 26 waliokata tiketi kwetu, kabini 13, kwa safari ya meli yenu iliyoondoka Dubai Jumamosi ya mwisho ya Machi. Wengi ni wa Unguja na Dar es Salaam, wachache wa Mombasa. Hatuna neno na chakula wala na wahudumu. Tatizo letu ni bandari mbili zilizofutwa, namna zilivyofutwa, na kabini 5 ambazo hazikukalika.

Ratiba iliyo kwenye tiketi ni hii. Kuondoka Dubai Jumamosi saa 10 alasiri, kufika Maskati Jumapili saa 6 mchana na kulala hapo, kuondoka Jumatatu saa 12 jioni. Jumanne Khasab (bandari ndogo ya Oman), Jumatano Abu Dhabi, Alhamisi kisiwa cha Sir Bani Yas, Ijumaa Dubai na kulala gatini, Jumamosi kushuka. Walichopata ni Jumapili nzima baharini, Doha Jumatatu na Jumanne, kisha Abu Dhabi. Sir Bani Yas nayo ilirukwa, lakini hiyo tunaiacha. Pale abiria hushushwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakiinua boti ubavuni mwa meli, mtu anavunjika mguu akikanyaga ngazi. Nahodha alifanya sawa, alitangaza asubuhi na mapema, na hakuna mteja wetu aliyelalamika.

Maskati ni habari nyingine. Mnajua, au mnapaswa kujua, nani ananunua safari hii katika soko letu. Mzanzibari hakati tiketi ya meli ili aone majengo ya Dubai. Hayo anayaona akibadilisha ndege. Anaikata kwa sababu meli inafunga Bandar Sultan Qaboos, pale Matrah, bandari ambayo tangu 2014 mizigo yake ilihamishiwa Sohar ikabaki ya meli za kitalii. Basi la bandari linamshusha langoni, soko la Matrah ni mwendo wa miguu, na ndugu zake wanamngoja nje ya lango. Safari hii ndugu hao walikuja, wengine kutoka Sur na Nizwa, wakangoja meli ambayo haikuwa njiani. Kwenye vipeperushi mnavyotutumia, picha kubwa ya mbele ni ya Matrah.

Sasa tuje kwenye sababu, maana mmetupa tatu. Jumamosi saa 3 usiku, yaani muda wa saa 5 baada ya kung'oa nanga, tangazo la kipaza sauti lilisema ni hali ya hewa katika Ghuba ya Oman. Usiku huohuo karatasi iliyopitishwa chini ya milango ya kabini ilisema "sababu za kiutendaji". Siku ya tatu, barua pepe ya idara yenu kwa ofisi yetu ikasema meli ina "upungufu wa mwendo wa kiufundi". Hizi si namna tatu za kusema jambo moja. Kila moja ina matokeo yake kwenye haki za abiria na kwenye bima, kama tutakavyoeleza.

Hali ya hewa tunaitoa kwanza. Shamali, ule upepo wa kaskazini-magharibi, ikivuma kweli huchafua Ghuba ya Uajemi yenyewe, upande wa Doha na Abu Dhabi, ambako ndiko mlikowapeleka abiria. Aliyekimbia upepo asingeelekea huko. Wateja wetu wamepiga picha chaneli ya ramani kwenye televisheni ya kabini Jumapili saa 4 asubuhi: upepo maili 9 za baharini kwa saa, mwendo wa meli 12.4. Wiki nzima hakuna aliyeona mwendo ukizidi 13.

Kwa hiyo tunachukua sababu ya tatu kuwa ndiyo ya kweli, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza hasa. Rafadha (panga linalosukuma meli) au mtambo wake ukipungukiwa, mhandisi mkuu anajua, ofisi ya ratiba inajua, na wakala wa meli bandarini anajua, kwa sababu lazima aghairi gati, rubani wa kuingiza meli bandarini na mabasi. Abiria wa wiki iliyotangulia, waliokutana na wateja wetu pale Dubai wakati wa kubadilishana, walisema wao pia hawakufika Maskati. Jina la meli yenu lilikuwa limeshaondolewa kwenye orodha ya meli zinazotarajiwa bandarini hapo siku 4 kabla ya wateja wetu kupanda. Siku hizo 4 zingetosha kabisa. Wengine wangeahirisha, wengine wangechukua ndege kwenda Maskati, na ndugu zao wasingefunga safari bure. Mlingoja hadi kamba zimeachiliwa na mtu hana tena pa kuchagua.

Hata kwa mwendo huo mdogo, Maskati ilifikika. Kutoka Dubai kuzunguka ncha ya rasi ya Musandam hadi Matrah ni takriban maili 300 za baharini. Ratiba yenu ya saa 20 inataka wastani wa maili 15 kwa saa. Kwa 12.5 ni saa 24. Meli ingefika Jumapili saa 10 alasiri badala ya saa 6 mchana, na kwa kuwa inalala hapo, abiria wangepoteza saa 4 tu. Ambayo isingewezekana ni Khasab. Kutoka Maskati ni kama maili 230 ndani ya saa 14, na hapo mwendo wa zaidi ya 16 unahitajika. Basi mngeikata Khasab, mkatoka Maskati Jumatatu saa 12 jioni na kwenda moja kwa moja Abu Dhabi, maili 370 hivi, saa 30, mkafika usiku wa manane kuamkia Jumatano. Ratiba ya Abu Dhabi isingeguswa. Bandari moja ingepotea, na ndiyo ile ndogo.

Badala yake mkachagua njia fupi isiyotoka ndani ya Ghuba. Dubai hadi Doha ni maili 200 na ushei, zilizosafiriwa kwa siku nzima na zaidi. Kila anayejua injini za meli anajua kwamba mafuta hayapandi sambamba na mwendo, yanapanda karibu kwa mchemraba wake (mwendo ukiwa mara mbili, mafuta ya kila saa huwa karibu mara nane), na kwamba maili zisizosafiriwa hazichomi kitu. Hatusemi mlifanya hivyo ili kubana mafuta. Tunasema akiba hiyo mliipata, na abiria hawakuiona.

Doha kama mbadala haikuwasaidia wateja wetu hata kidogo. Ofisi ya mapokezi melini iliwaambia wenye pasipoti za Tanzania na Kenya kwamba hawana kibali cha kushuka. Viza ya Oman wanayo, waliilipia. Ya Falme za Kiarabu wanayo, tena ile ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka na kurudi Dubai na bila hiyo msingewapandisha. Ya Qatar hakuna aliyewaambia waombe, na haiombwi ukiwa katikati ya bahari. Matokeo yake, kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatano asubuhi hawakukanyaga nchi kavu, wakati majirani zao wenye pasipoti za Ulaya walishuka Doha siku mbili mfululizo. Kabla ya kubadilisha bandari mnazo pasipoti zote kwenye mfumo. Kuchuja uraia ni kazi ya dakika chache.

Tukiingia kwenye fedha, ankara zetu zina mstari mmoja wa "kodi na tozo za bandari", dola 154 kwa mtu, bila mchanganuo. Mlirudisha dola 22 kwa bandari mbili, nazo si taslimu, ni salio la matumizi ya melini, lililowekwa Ijumaa jioni na kufutika Jumamosi asubuhi. Ijumaa usiku meli ilikuwa gatini Dubai. Maduka ya meli yasiyotozwa ushuru hufungwa meli ikiwa bandarini, na yalifungwa. Kilichobaki wazi ni baa, picha na masaji. Mnaelewa kwamba baa haiwafai wateja wetu wengi.

Bima nayo imekwama kwa sababu ya karatasi yenu. Abiria 17 kati ya hao walikata bima yenye kinga ya bandari iliyorukwa, inayolipa kiasi maalumu kwa kila bandari. Kampuni ya bima inataka barua ya kampuni ya meli inayotaja jina la bandari, tarehe na sababu. Yenu inasema "sababu za kiutendaji", bila kutaja bandari hata moja. Dai limerudishwa.

Kuhusu kabini: zote 5 ziko sitaha ya 4, nyuma, za ndani, zisizo na dirisha. Tangu usiku wa kwanza joto lilikuwa nyuzi 27 hadi 28, kipimajoto cha saa ya mezani kikiwa kimepigwa picha kando ya kidhibiti cha ukutani kilichowekwa 20. Mapokezi walijibu mara mbili kwamba kiyoyozi hujizima mlango wa roshani ukiachwa wazi. Kabini za ndani hazina roshani. Anayejibu simu angeangalia namba ya kabini kwanza. Usiku wa tatu fundi akaja, akabadilisha vidhibiti viwili, akaondoka, na joto likabaki lilelile.

Lisingeweza kushuka. Hewa ya kabini melini hugawanywa kwa kanda, zile zinazotenganishwa na milango ya moto, na kila kanda ina mtambo wake wa hewa unaopitisha upepo kwenye koili za maji ya baridi. Kidhibiti cha ukutani kinapunguza au kuongeza tu kile kinachofika. Kabini 5 zikilalamika pamoja, zikiwa kwenye ukumbi (korido) mmoja, na wageni wa kabini za jirani nao wakilala milango wazi, fundi hana sababu ya kufungua ukuta wa mtu. Aende kwenye mtambo wa kanda: vichujio vilivyoziba, mkanda wa feni uliolegea, au vali ya maji ya baridi isiyofunguka. Hatujui ni kipi kati ya hivyo, ila tunajua hakuna aliyekwenda kuangalia kabla ya Jumanne usiku, maana Jumatano alfajiri hewa ya baridi ilirudi kwa ukumbi mzima mara moja, bila mtu kugusa kabini yoyote.

Vyoo vya ukumbi huo vilikufa mara mbili, ya pili kwa saa 5. Ni vyoo vya kuvutwa kwa hewa. Mvuto ukipotea kwenye bomba moja, vyote vya mstari huo husimama pamoja, na mara nyingi chanzo ni kitambaa au tishu za majimaji zilizotupwa ndani. Hilo halizuiliki kila mara. Lakini saa 5 bila tangazo, wazee wakipanda ngazi hadi sitaha ya 5 usiku, linazuilika. Na hawa ndio haohao waliozuiwa kushuka Doha. Kwa siku mbili kabini ya nyuzi 28 ndiyo ilikuwa bandari yao.

Tunajua masharti ya tiketi yanaruhusu nahodha kubadilisha bandari. Hatubishani na nahodha. Lakini katika meli hiyohiyo, aliyenunua safari yake Ujerumani analindwa na agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, ambalo ibara yake ya 14 inampa punguzo la bei kwa kila sehemu ya safari isiyotolewa kama ilivyouzwa, hata kama kampuni haina kosa. Aliyenunua Amerika Kaskazini kwa kampuni iliyo mwanachama wa CLIA, chama cha kimataifa cha kampuni za meli za kitalii, ana tamko la haki za abiria la 2013, linalotaka taarifa kwa wakati kuhusu mabadiliko ya ratiba yanayotokana na hitilafu ya mitambo. Aliyenunua Zanzibar amepewa salio la baa. Nauli ilikuwa ileile.

Tunachotaka ni hiki. Kwa abiria wote 26, mrudishe sehemu 2 kati ya 7 za nauli kabla ya kodi, kwa Maskati na Khasab, pamoja na tozo halisi za bandari hizo mbili zikiwa na mchanganuo na zikilipwa kwa njia ileile waliyolipia. Gharama ya viza za Oman ilipwe kwa risiti, ambazo tumeziambatisha. Kabini 5 za sitaha ya 4 zipewe nyongeza ya nusu ya nauli ya usiku 4 ambazo hazikuwa na hewa. Barua ya bima iandikwe upya kwa kila abiria, ikitaja bandari, tarehe na sababu moja, na hii ije kwanza, ndani ya siku 7, kwa sababu muda wa madai unaisha mwisho wa mwezi huu. Mengine tunayangoja kwa siku 21. Hatupokei punguzo la safari ijayo badala ya fedha.

Msimu wa Novemba tumewashikia wateja kabini 20 za njia hiihii, na malipo ya awali yanatakiwa tarehe 30 Mei. Tutayatuma tukishapata jibu, pamoja na uthibitisho wa maandishi kwamba hitilafu ya mwendo imetengenezwa au, kama bado, ratiba mpya ya saa inayoendana na mwendo ambao meli inauweza.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Tiketi za Meli
kwa niaba ya abiria 26