Malalamiko kuhusu mkahawa wenu wa Lamu: ondoeni neno "mtwana"

Langoni, Lamu
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Nairobi.

MINTARAFU: HUDUMA YA MEZA NAMBA 4, JUMAMOSI 12 OKTOBA 2024

Salamu kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilimleta mgeni wangu kwenye mkahawa wenu mpya hapa mjini. Tulikaa dakika arubaini, tukalipa shilingi 2,800, na tukatoka chakula kikiwa nusu sahani. Kahawa ilikuwa mbaya, na hilo nitalisema, lakini kahawa mbaya hainifanyi nikeshe naandika barua.

Bango lenu la mlangoni linasema "Kama Akihabara, lakini ya Kiswahili." Akihabara ni mtaa wa Tokyo wenye mikahawa ambamo wahudumu huigiza watumishi wa nyumbani, na bango hilo ndilo lililoniingiza. Nimeishi Tokyo tangu 2016 hadi 2019 kwa masomo ya uvuvi, na huyo mgeni niliyekuja naye ni msichana tuliyesoma darasa moja. Yeye ndiye aliyenitembeza Akihabara mara ya kwanza. Kwa hiyo mlikuwa mmepata wateja wawili wanaoujua mchezo wenyewe.

Chumba changu cha Tokyo kilikuwa cha mikeka sita, ndivyo wenyewe wapimavyo vyumba, na mwenye nyumba hakutaka mnyama wa aina yoyote. Nyumba nyingi za kupanga huko ziko hivyo, na hiyo ni sababu moja kubwa iliyofanya mikahawa ya paka ishike sana Japani. Wa kwanza haukuwa hata wa kwao, ulifunguliwa Taipei mwaka 1998, kisha Osaka ukapata wake mwaka 2004. Basi mimi, mtoto wa Lamu, niliyekua nikiruka paka kwenye kila kizingiti, nikawa nalipa kwa saa ili paka aje anikalie mapajani. Nilipomsimulia mama kwa simu alicheka mpaka salio likaisha. Lakini ilikuwa kazi ya kistaarabu. Unavua viatu, unanawa mikono, humwamshi paka aliyelala, humbebi asiyetaka kubebwa, na picha hupigi kwa taa kali. Mkahawa wa bundi niliingia mara moja tu. Nilimkuta ndege wa usiku kafungwa ugwe mguuni mchana kweupe, nikamaliza chai yangu nikatoka, na wako watu wa huko huko wanaoupinga mchezo huo.

Nilipokwenda kutembea Taipei nilikaa juu ya kiti cha choo, safi, chenye mfuniko, nikaletewa wali na mboga ndani ya bakuli lenye umbo la choo. Nikala. Mama hajanisamehe mpaka leo. Nawaambia haya ili msije mkadhani mnajibizana na mtu asiyejua mzaha.

Sasa Akihabara. Mkahawa wa kudumu wa wale wasichana wahudumu wanaoitwa *meido*, yaani watumishi wa nyumbani, ulianza pale mwaka 2001, kisha ikaota mingine mtaa mzima. Unapanda ngazi nyembamba, mlango unafunguliwa, na msichana mwenye gauni jeusi na aproni nyeupe ya lesi anainama na kusema: umerudi nyumbani, bwana wangu. Mwanamke humwita bibie. Ukiagiza wali uliofungwa ndani ya kimanda, anakuchorea paka juu yake kwa sosi ya nyanya, kisha anakutaka mkunje vidole mfanye umbo la moyo na msome naye maneno ya uchawi kabla hujala. Mara ya kwanza nilitaka ardhi ipasuke niingie. Mara ya tatu nilikuwa nasoma kwa sauti kuliko yeye.

Watu wenu walioutembelea mtaa ule waliona kupiga magoti na "bwana wangu", wakafungasha hayo mawili wakaja nayo. Kuna vingine walivipita bila kuviona. Ada ya kiti imeandikwa pale pale unapoingia, kabla hujavua koti. Kanuni zimebandikwa: usimguse mhudumu, usimuulize anaishi wapi, usimpige picha bila ruhusa, na ukitaka picha naye unailipia. Karibu kanuni zote ni za kumlinda msichana dhidi ya huyo "bwana" mwenyewe. Na lile gauni si lao. Ni vazi la watumishi wa majumba ya Ulaya wa zamani, na hata neno *meido* wameliazima kwa Kiingereza. Pale Akihabara hakuna anayelitazama akamkumbuka bibi yake. Ndiyo maana wanaweza kulichezea.

Nirudi Jumamosi. Mlangoni tulipokewa na mlio wa siwa, lile baragumu kubwa la kale. Nilifurahi, nikageuka kumtafuta mpigaji, nikaona spika juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na siwa ya plastiki imening'inizwa kwa waya. Mgeni wangu alipendezwa na zidaka, akakaa kwenye kiti cha enzi, akapiga picha. Mpaka hapo mambo mazuri. Kisha akaja mhudumu na birika na bakuli la kunawia. Mwanamume wa makamo, kaniki kiunoni, kifua wazi, miguu mitupu, kichwa wazi. Akashuka magoti mbele ya meza. Nilisikia magoti yakilia, yale ya mtu aliyekwisha pita umri wa kuchuchumaa. Akaanza kusoma kama mtu asomaye dua asiyoijua maana: "Karibu nyumbani, bibi mkubwa. Mtwana wako yuko tayari."

Akainua macho. Tukatambuana.

Simtaji jina. Alikuwa baharia kwenye jahazi la marehemu babangu. Utotoni akinibeba begani kunivusha maji yakikupwa, mama asije akaona nguo zangu zimelowa. Mimi kwangu ni ami. Nikafanya nilivyofundishwa, nikamwamkia: "Shikamoo, ami." Akatazama kwanza upande wa kaunta, alikokuwa amesimama msimamizi wenu, kijana mwenye kidude sikioni. Kisha akainamia bakuli na kusema polepole, "Marahaba, mwanangu. Nawa upesi, haturuhusiwi kuitikia."

Maji yalikuwa na maua ya asumini. Nilinawa, maana kukataa kungemtia taabuni zaidi. Msimamizi akatoa daftari mfukoni akaandika kitu.

Mgeni wangu aliuliza mbona yule bwana hakutaka kuzungumza nami, na lile neno alilojiita maana yake nini. Kijapani changu kimeota kutu, lakini neno hilo nalijua, nikamwambia: *dorei*. Mtumwa. Akaweka kijiko chini na hakukishika tena.

Menyu yenu, ukurasa wa kwanza, imeandika: "Wajakazi na watwana wetu wako tayari kukutumikia." Nahisi aliyeitafsiri alitafuta neno la mtumishi wa nyumbani, kamusi ikampa mjakazi, akaona lina sauti tamu ya kale. Kwetu mjakazi si mfanyakazi wa nyumbani. Ni mwanamke aliyenunuliwa. Mtwana ni mwanamume aliyenunuliwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini mtu kumilikiwa na mwenzake hapa pwani ya Kenya kulikuwa halali mpaka mwaka 1907. Hiyo si zamani za hadithi. Wapo mjini humu wazee ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo, na mpaka sasa akija mtu kuposa, wako wanaonong'ona nani mwungwana na nani mzaliya, yaani mzao wa watumwa. Wazee walitusimulia kuwa mtumwa hakuruhusiwa viatu wala kofia mbele ya bwana wake. Sijui kama mavazi yenu mliyachagua kwa kulijua hilo au kwa kubahatisha, na sijui lipi ni baya zaidi. Paka wa Tokyo ana karatasi ukutani inayokataza asiamshwe. Ami yangu haruhusiwi hata kuitikia salamu.

Msiniambie kuwa vijana wenu wamekubali kwa hiari yao. Mtu mwenye watoto wanne na jahazi lililouzwa hukubali mengi.

Kuna na "Sinia ya Sultani wa Lamu" kwa shilingi 900, yaani mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Sultani yupi? Pate walikuwa na sultani, na Witu baadaye. Lamu iliendeshwa na wazee wake wakikutana Yumbe, nyumba yao ya baraza, na baada ya vita vya Shela wakaomba ulinzi wa Omani, ndipo ngome ikakamilishwa mwaka 1821. Seyyid Said, mtawala wa Omani, tulikuwa chini yake, lakini kasri lake halikuwa hapa. Na siwa ilikuwa ikipigwa kwenye harusi na sherehe kubwa za watu wa daraja. Ya pembe ya ndovu, ile ya Pate, iko Makumbusho ya Lamu, dakika chache kwa miguu kutoka kwenu. Mngeliingia mkauliza kabla ya kununua plastiki. Mofa, nisiwadhulumu, ilikuwa nzuri sana. Imetoka motoni sasa hivi, na mpishi wenu anastahili sifa.

Kahawa ililetwa vuguvugu kwenye kikombe kikubwa cha udongo, bila tangawizi, shilingi 350 kwa kimoja. Pale Mkunguni mbele ya ngome muuzaji hukumiminia kutoka kwenye dele, birika la kahawa lenye makaa chini yake, finjani inachoma midomo, na bei yake mnaijua.

Tukaletewa hesabu. Kahawa mbili 700, sinia 900, "ada ya kiti" 500 kwa kila mtu, na "kupigiwa siwa" 200. Ada ya kiti haikuandikwa mlangoni, haikuandikwa kwenye menyu, wala hakuna aliyetutajia. Kupigiwa siwa hatukuomba. Nilimuuliza msimamizi, akajibu kuwa ndiyo desturi ya Japani. Mgeni wangu, ambaye ndiye Mjapani peke yake mle ndani, alicheka kidogo kwa adabu ya kwao.

Jana jioni nilipita nyumbani kwa ami kumwomba radhi. Hakutaka kuzungumza habari ya kazi, tulizungumza habari za bahari. Mkewe ndiye aliyeniambia mlangoni nikivaa viatu: amekatwa shilingi 300 kwa kuzungumza na mteja. Ndilo lile daftari.

Nataka maneno mtwana na mjakazi yaondolewe kwenye menyu na kwenye midomo ya wahudumu, na magoti yakome. Mkitaka vazi la kale, ziko kanzu na vikoi na kofia za vito, na mafundi wake wako hapa hapa Lamu wanahitaji kazi. Mkitaka mchezo, muulizeni muuza kahawa yeyote akuonyesheni anavyogonganisha finjani zake apite mitaani, watoto wanamfuata, na hakuna anayeona haya. Mtu akiamkiwa, aruhusiwe kuitikia. Ada ya kiti, ikiwa lazima iwepo, iandikwe nje kwa herufi zinazosomeka.

Nadai nirudishiwe shilingi 1,200, yaani ada ya viti viwili na ile siwa ya plastiki. Risiti na uthibitisho wa M-Pesa nimeviambatanisha. Kabla ya kunilipa mimi mlipeni yeye 300 zake, na asiulizwe kitu kwa sababu ya barua hii. Hakunituma, na wala hajui kama nimeiandika.

Nangoja jibu lenu kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Oktoba. Mgeni wangu anaondoka kesho kwa boti ya asubuhi. Ameniomba nikuulizeni kama zile picha alizopiga, ambamo ami anaonekana amepiga magoti, yeye mwenyewe aliridhia kupigwa. Nilimwambia nitauliza.

Mimi,
Mteja wa meza namba 4.