Barua ya Wazi kwa Walimu na Wanaojitolea Kulea Vijana

Walimu wangu na wanangu mnaojitolea,

Nawaandikia nikiwa na kero, na sitaifunika kwa salamu ndefu. Katika kikao cha karibuni mlichonialika, orodha ya vijana waliokabidhiwa walezi wa kujitolea ilisomwa, na jina baada ya jina likafuatwa na maneno yale yale: mlezi wake hapatikani tena. Msomaji hakutua. Alifika mwisho wa orodha, kisha tukahamia kwenye ajenda ya sherehe ya kupokea kundi jipya.

Nani aliwaambia kwamba kijana husahau? Kijana aliyekwisha kuachwa na mtu mzima mmoja humpima anayefuata: huchelewa makusudi, hujibu kwa mkato, huvunja miadi ya kwanza ili aone kama mtarudi kwa ya pili. Mkirudi, hulegea kidogo na kuanza kusema. Mkipotea hapo, mmemwachia hasara ambayo asingeipata kama msingemfuata kabisa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha uchambuzi kuhusu vijana waliopewa walezi na shirika la Big Brothers Big Sisters. Waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika kuliko wote, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika mapema mno walirudi nyuma katika mambo kadhaa.

Basi kabla ya kumpokea anayejitolea, mwulizeni atakuwa wapi mwaka ujao. Mwanachuo anayekaribia kuhitimu na kuhama asikabidhiwe kijana wa peke yake. Asaidie kufundisha hesabu katika kundi, na hiyo ni kazi ya heshima. Mratibu awasiliane na mlezi na kijana kila mwezi, kila mmoja kwa wakati wake, maana wawili hao wakiulizwa pamoja watasema mambo ni mazuri. Na mlezi anayelazimika kuondoka, kwa kuwa maisha yana dharura zake, aseme wiki kadhaa kabla, akutane na kijana ana kwa ana, ataje sababu ya kweli, wala asiahidi kupiga simu ambazo hatazipiga. Wale waliokwisha kuachwa waendeeni sasa. Waambiwe waziwazi kwamba kosa halikuwa lao, na asiyetaka mlezi mwingine asilazimishwe.

Mengine nayataja tu, kwa kuwa mnayajua. Chunguzeni mwenendo wa kila anayetaka kukaa na watoto, hata awe rafiki wa mkurugenzi. Mikutano ifanyike mahali panapoonekana na watu. Fedha zisitolewe kwa siri. Habari za nyumbani kwa mtoto si pambo la ripoti. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inalinda faragha yake, na Ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa, kwa hiyo acheni kumchagulia ndoto.

Najua mmechoka, wanangu. Wengi wenu hutoka darasani jioni na bado mnapata nguvu ya kumsikiliza mtoto wa mwenzenu, nami nawaheshimu kwa hilo. Lawama pia si yenu peke yenu. Jamii yetu imegeuza kujitolea kuwa mstari wa kujazia wasifu wa kuombea kazi, na wafadhili huuliza mmewafikia vijana wangapi bila kuuliza ni wangapi bado wana mlezi yule yule. Fulana na jukwaa hupata fungu. Nauli ya mlezi na mshahara wa mratibu hukosa.

Katika ripoti ijayo ongezeni safu moja: vijana waliotimiza mwaka na mlezi mmoja. Ikiwa idadi itakuwa ndogo, iandikwe hivyo hivyo, nami niko tayari kuketi nanyi mbele ya mfadhili atakayetaka maelezo.

Ni mimi, mzee wenu.