Kaka, supu haikuwa na kosa

Moshi,
Jumapili jioni

Kaka Festo,

Salamu nyingi. Huku ni wazima, mvua tu imetufungia ndani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka, unisamehe. Eti kile kipima ulevi cha trafiki ni kibovu, maana ulilala, ukaoga maji baridi, ukanywa supu ya makongoro yenye pilipili, na bado kikakukataa! Basi nimekaa na kalamu nikakupigia hesabu.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe tupu. Umekiri sita, nami sitabisha, kwa hiyo ni gramu 120. Kanuni yenyewe alituachia Mswidi mmoja, Erik Widmark: uzito wa mtu unauzidisha kwa 0.68 akiwa mwanamume, kisha unagawa gramu za pombe kwa jibu hilo. Kwa kilo zako 70 inatoka karibu miligramu 250 katika mililita 100 za damu. Ini linapunguza kama 15 kwa saa, ulale usilale. Ulianza saa moja usiku, wakakusimamisha saa kumi na moja alfajiri. Hizo saa kumi zimeondoa 150, umebaki na 100, na sheria yetu inakomea 80. Supu ilikutoa jasho tu. Kuisha kabisa, ungengoja hadi karibu saa sita mchana.

Ningezinywa mimi hizo sita, na kwa uzito nimeshakufikia (usicheke), ningeamka na 160. Mwili wa mwanamke una maji kidogo, sisi tunazidisha kwa 0.55.

Ila haya ni makadirio. Ini la mwingine linaondoa 10 kwa saa, la mwingine 20 na zaidi. Na ile nyama choma mliyoingoja hadi saa nne, mngeila kwanza, pombe ingeingia damuni polepole. Mbege ndiyo usiniulize kabisa: aliyeipika mwenyewe hajui asilimia yake, na kibuyu hakina lebo.

Desemba ukija, funguo za gari nakaa nazo mimi.

Msalimie wifi. Idadi ya chupa sijamwambia.

Dada yako,
Neema