Risala ya Kikundi cha Mazoezi ya Wazee kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wetu, mabibi na mabwana, asalaam alaikum na hamjambo nyote.

Karibu Kisauni. Kikundi hiki kilianzishwa na majirani wachache, na leo kina viti 12 vya plastiki, mashine ya kupimia presha na daftari la mahudhurio lisiloruka hata siku moja. Mafanikio hayo yanastahili kutangazwa Pwani nzima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba angalau siku 3. Sisi hukutana baada ya swala ya alfajiri, kabla fukuto halijakaza. Mzee huinuka kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, akitoa pumzi anapoinuka, maana kubana pumzi hupandisha presha. Kisha hutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mkono ukiwa karibu na kitu cha kushika. Hapo ndipo tunapokwama, Mheshimiwa: cha kushika hakipo.

Uwanja wenyewe ni changarawe. Masika huizoa, mawe ya matumbawe yakabaki yamechomoza. Mzee ambaye nyayo zake zimekufa ganzi kwa sukari hahisi ncha ya jiwe mpaka ameshaanguka, na nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Kwa heshima na taadhima tunaomba njia ya zege, mita 40 kwa mita moja na nusu, iinamie kidogo upande mmoja maji yasituame. Uso wake upigwe ufagio kabla haujakauka, kwani zege laini ikilowa huteleza. Reli ziwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90, za mabomba ya galvanaizi. Chuma kitupu hakidumu kwa hewa hii ya chumvi.

Ombi hili si geni. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi, tukampigia makofi. Wa mwaka jana alileta fundi, akapima na kupiga vigingi. Vigingi hivyo bado viko nyuma yako, na wazee hujikwaa navyo. Wewe tunakuamini, ndiyo maana tumeambatisha makadirio ya fundi. Vijana wa mtaa wamejitolea kuchanganya zege. Kilichobaki ni simiti, kokoto na mabomba. Tunakuomba ututajie mwezi, hapa hapa, kabla hujaondoka.

Ahsante sana.

Ni sisi, Kamati ya Kikundi.