Nembo ya lugha ya kwanta itokane na kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe rai kwa wanaobuni nembo na mwonekano wa lugha za kuandikia programu za kompyuta za kwanta.

Mara nyingi kinachochorwa kwanza ni atomu: kiini katikati, elektroni zikikizunguka, na mwanga wa buluu nyuma yake. Picha hiyo ya atomu wanafizikia waliiacha katika miaka ya 1920, na kilichowafanya waiache ni nadharia ile ile ya kwanta ambayo mashine hizi zinaitegemea. Isitoshe, React, maktaba maarufu ya kutengenezea tovuti, tayari inaitumia. Wengine hukimbilia herufi Q, kana kwamba lugha na zana za kwanta zilizopo, kama QCL, Quipper, Qiskit na Q#, hazijapita njia hiyo.

Tufe la Bloch lina hoja zaidi, kwa kuwa huonyesha hali ya kyubiti (kipande cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwanta) kama mshale unaoweza kuelekea upande wowote. Hata hivyo, tufe moja ni kyubiti moja. Kyubiti mbili zikishafungamana, yaani kila moja isipoweza kuelezwa kikamilifu peke yake, hali yake haielezeki tena kwa matufe mawili yaliyowekwa bega kwa bega, ilhali bila ufungamano lugha hizi zingekuwa na kazi ndogo sana. Tena tufe hilo likipunguzwa hadi pikseli 16 kwa 16, kipimo cha ikoni ya kivinjari, huwa doa tu.

Kwa maoni yangu, nembo ichotwe kwenye alama ambazo waandishi wa programu hizi wanazichora kila siku. Tazama lango la CNOT, hatua inayogeuza kyubiti ya pili pale ya kwanza ikiwa 1. Kwenye mchoro kila kyubiti ni mstari wa mlalo: nukta nyeusi kwenye mstari wa juu, mstari wima unaoshuka, na duara lenye msalaba kwenye mstari wa chini. Alama hiyo husomeka hata kwa wino mmoja, nayo inahusu kyubiti mbili, si moja. Kwa kuwa ni mali ya wote, mbunifu atalazimika kuikata au kuipinda mpaka iwe ya mradi wake, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa kuifanya (kama analipwa).

Rangi nayo ipewe jukumu. Katika mifano ya msimbo kwenye miongozo, kila kyubiti iandikwe kwa rangi ya nembo na thamani za kawaida zibaki nyeusi, ili msomaji atambue kwa kutupa jicho tu ni zipi hawezi kuzinakili, na ambazo akizipima huenda asizikute zilivyokuwa.

Msomaji wako