Barua kwa mwanangu: namna ya kujibu dondoo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Unasema A Doll's House, ile tamthilia ya Ibsen, unaijua mwanzo hadi mwisho, lakini kila mtihani dondoo, yaani kipande cha tamthilia chenye maswali yake, linakunyima alama. Naamini, maana kuijua tamthilia ni kazi moja na kujibu swali fupi ni kazi nyingine.

Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ina alama 80 kwa saa mbili na nusu. Dondoo lina alama 25, basi lisikule zaidi ya dakika 45. Soma maswali kwanza, kisha dondoo ukiwa na kalamu mkononi.

Kabla ya kuandika lolote, tazama alama zilizo mwisho wa swali. Sifa mbili za mhusika kwa alama nne huwa na maana ya sifa mbili na ithibati mbili. Chukua mwanzo wa Onyesho la Kwanza, Nora, mke wa Helmer, anapokula makaruni (biskuti tamu za lozi) kwa siri. Wengi huandika kwamba Nora ni mtu mbaya. Hiyo ni hukumu, si sifa, na haina alama. Andika hivi: "Nora is deceitful. She tells Helmer she has not eaten any macaroons, yet she has just hidden the bag in her pocket and wiped her mouth." Basi, nenda kwenye sifa ya pili. Usiongeze "dishonest", kwa sababu mtahini ataihesabu kuwa ile ile ya kwanza. Na ithibati itoke ndani ya dondoo, isipokuwa swali lenyewe likuruhusu kutoka nje.

Swali linalowaangusha wengi ni la kilichotokea kabla tu ya dondoo. Mtu huanza na safari ya Nora na Helmer ya Italia, akasimulia nusu ya tamthilia, na alama zenyewe ni mbili! Tuseme dondoo linaanza Krogstad, aliyemkopesha Nora pesa, anapozungumza naye faraghani. Kilichotangulia ni kwamba Nora alikuwa akicheza kibe na watoto, amejificha chini ya meza, na Krogstad akatokea mlangoni. Swali likiwa ni la kilichofuata, Krogstad anaondoka, watoto wanarudi, na Nora anawaonya wasimwambie baba yao habari za yule mgeni. Anza na tukio lililo karibu kabisa na dondoo, kisha usimame.

Kwenye kinaya (irony), kutaja tu neno hakutoshi; onyesha pande mbili zinazogongana. Helmer anamlaani Krogstad kwa kughushi sahihi, wala hajui kwamba mkewe, anayemsikiliza, aliighushi sahihi ya baba yake kwenye hati ya mkopo. Sahihi ile ina tarehe 2 Oktoba, ilhali mzee alifariki 29 Septemba. Ukikosa upande mmoja, umesimulia tukio tu.

Ukiambiwa uandike vidokezo, usiandike aya. Jibu sahihi lililoandikwa kwa umbo lisilotakiwa hukatwa, na hilo mimi naliona ni hasara ya bure kuliko zote. Maana ya maneno iende na muktadha: jaribu kuliweka neno lako mahali pa lile la kwenye dondoo, na sentensi ikipinda, tafuta jingine.

Sarufi ni alama moja moja, lakini haina huruma. Katika usemi wa taarifa (reported speech) rudisha wakati wa kitenzi nyuma, badilisha "tomorrow" iwe "the following day", ondoa alama za kunukuu na za kuuliza, na unakili maneno mengine yote bila kosa. Herufi kubwa moja ikisahaulika, alama inaweza kwenda nayo.

Jumamosi chagua ukurasa mmoja wa mazungumzo ya Nora na Bi Linde, rafiki yake wa zamani, utunge maswali sita pamoja na alama zake, na umpe jirani yako wa dawati naye akupe yake. Sahihishaneni kwa kalamu nyekundu, mkiuliza kila mstari unalipwa alama gani. Ule usiolipwa, ukate.

Mamako